Kwetu, Petu, Mwetu: Kwa Msomaji Aliyeuliza Kama Fasihi Inaweza Kuwa Nyumbani

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, nikaletwa na mama kambi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, nikiwa na miaka mitano; mama bado analima huko. Sasa nina miaka 22, niko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Kampala, nasomea ualimu wa Fasihi na Kiswahili. Hapa naitwa Mkongomani; jamaa waliobaki Fizi wakipiga simu wananiita Muganda. Muhula uliopita mhadhiri alisoma insha yangu mbele ya darasa ili wenzangu wasikie Kiswahili kibovu, kwa kuwa nilikuwa nimeandika 'mu nyumba' na 'batoto'. Ninapotulia ni ndani ya kitabu tu, au ninapoandika usiku. Je, ni kweli mtu anaweza kupata nyumbani kwa kusoma fasihi na kuandika, au najidanganya? Na kama ni kweli, niandike kwa lugha ipi?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale: umeandika "nyumbani" mara moja, na "kwetu" hujaliandika kabisa, ingawa barua nzima inalizunguka neno hilo kama mtu anayezunguka ua akitafuta lango. Nitaanza hapo, kwa sababu naamini jibu lako limo ndani ya sarufi uliyoambiwa huijui.

Kiswahili hakina nomino moja inayobeba kile unachokitafuta. Nyumba ni jengo, na nyumbani ni jengo hilo lililotiwa -ni. Mji, kaya na boma ni makazi yanayoweza kuhesabiwa na kuandikwa kwenye daftari la mwenyekiti wa kijiji. Mtu anapotaka kusema kwa moyo wote husema "kwetu", na kwetu si nomino hata kidogo: ni kimilikishi kilichoshikizwa kwenye kiambishi cha mahali, kikaachwa bila jina la kukitangulia. Ukimwondoa "sisi" aliyemo, neno lote linaanguka. Ndiyo maana swali la "Kwenu ni wapi?", ambalo hapa Uganda mtu huweza kuulizwa na abiria wa kiti cha pili kabla teksi haijaondoka stendi, ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja: moja linauliza mahali, jingine linauliza watu. Kwa walio wengi majibu yake ni mamoja. Kwako yametengana, kwa maana mahali ni Fizi, watu wako Isingiro, na mwenyewe uko Kampala, na kila ukijibu nusu ya swali unajiona kama uliyeikana nusu ya pili.

Nalijua swali hilo kwa kiasi changu. Nilizaliwa Mpondwe, wilaya ya Kasese, ambako mto Lubiriha ndio mpaka na ng'ambo yake ni Kasindi, nchini Kongo. Watu wetu upande huu huitwa Wakonzo. Akivuka daraja kwenda sokoni na gunia lake la kahawa, mtu yuleyule hujikuta miongoni mwa Wanande, na lugha anayoizungumza karibu haibadiliki neno. Sikuwahi kukimbia vita, kwa hiyo sitajilinganisha nawe. Lakini nilijifunza mapema kwamba jina la kwenu huweza kubadilishwa na daraja.

Sasa, sarufi yetu hutaja mahali kwa namna tatu, na mwanafunzi wa mwaka wa pili bila shaka ameshazikariri kwa ajili ya mtihani: ku- kwa mahali pasipo mipaka dhahiri, pa- kwa mahali panapoweza kuoneshwa kwa kidole, na mu- kwa undani wa mahali. Huku kwetu, hapa petu, humu mwetu. Maoni yangu, baada ya miaka mingi ya kufundisha, ni kwamba fasihi haiwezi kukupa kwetu. Wanaosema inaweza wanasema kwa nia njema, lakini wanakudanganya. Kwetu hutolewa na watu wengine, na sheria, na ardhi. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Nakivale familia hupewa kipande cha ardhi walime. Ile methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hapa imekuwa sera ya serikali, na sidharau hilo, kwa maana zipo nchi tajiri ambazo mgeni hapewi hata mpini. Hata hivyo mama yako amelima miaka 17 kwa jembe hilo na bado anaitwa mgeni. Hakuna riwaya itakayofuta neno hilo kwenye kadi yake, na ukiingia katika somo hili ukitarajia hivyo, utakuja kuvichukia vitabu bila kosa lao.

Kinachowezekana ni petu, na kwa subira mwetu.

Petu kwanza. Kusoma fasihi kwa nidhamu, tofauti na kusoma ili usingizi uje, hukuonesha kwamba mahali unapohisi umesimama peke yako pana nyayo za wengine. Wala usianzie mbali, anzia na Kiswahili chenyewe, ambacho nchini Uganda kimeulizwa "Kwenu ni wapi?" kwa zaidi ya karne moja na nusu. Kilikuja na wafanyabiashara wa pwani hadi ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, katika karne ya 19. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipotaka kipewe nafasi kubwa katika shule na utawala, Kabaka Daudi Chwa alikipinga waziwazi, na wamisionari wengi wakawa upande wake. Mwaka 1973 utawala wa Amin ulikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa raia wengi wa miaka hiyo kikabaki masikioni kama sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Ndiyo maana leo kuna kazi inayokusubiri ukihitimu. Lugha unayoisomea ina historia inayofanana na yako kuliko unavyodhani: imeitwa, imefukuzwa, imeogopwa, imepewa karatasi, na bado haijaambiwa karibu ndani.

Ongeza na hili, ambalo hata wahadhiri wengi wa Kampala hulisahau. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyosimamia usanifishaji wa lugha, ilikuwa na makao yake Makerere kuanzia 1952 hadi 1962. Juni 1962, kwenye kilima hichohicho, ulifanyika mkutano mashuhuri wa waandishi wa Kiafrika, na mlango wake ulikuwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi wa Makerere, alikuja kuandika baadaye kwamba yeye alistahili kuhudhuria kwa hadithi zake fupi mbili za Kiingereza, ilhali Shaaban Robert, mwenye vitabu vingi vya mashairi na nathari kwa Kiswahili, hakustahili. Shaaban Robert alifariki dunia mwezi huohuo. Ukipita pale kwa miguu siku moja, likumbuke jambo hilo: mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha hii hakuwa na kiti mahali ambapo lugha yenyewe ilikuwa na ofisi. Sisemi hivyo ili uhuzunike. Nasema kwamba ukisimama pale bila kiti, umesimama petu.

Nije kwenye insha yako, maana nadhani ndiko kunakouma. Mhadhiri wako alikuwa na haki ya kuisahihisha. Hakuwa na haki ya kuifanya kichekesho, na hata usahihishaji wake ulikuwa wa nusu. "Mu nyumba" ndivyo Luganda inavyosema, mu nnyumba, na Lhukonzo chetu husema omo nyumba. Huo ndio muundo wa zamani wa lugha za Kibantu, mahali kutangulia nomino, na Kiswahili cha pwani ndicho kilichouacha kikachukua -ni mwishoni. Lakini hakikuuacha wote. Mhadhiri huyo akiandika "nyumbani mwake mna watu", ile mu- aliyoicheka kwako ameiandika mara mbili, imejificha kwenye upatanisho. Vivyo hivyo "batoto": ba- hiyo imo katika Luganda, imo katika Kibembe cha Fizi, na wa- ya Kiswahili sanifu ni mdogo wake. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kwa sababu shule na mitambo ya uchapaji vilihitaji tahajia moja. Ulikuwa uamuzi wa kikazi, na mimi nauheshimu kiasi cha kuula mshahara wake mpaka leo. Haukuwa hukumu juu ya midomo ya watu.

Kwa hiyo katika mtihani andika sanifu, tena andika vizuri kuliko wote, usimwachie mtu nafasi. Katika kuandika kwako mwenyewe ushauri ni mwingine, na hapo nakutuma kwa watu wawili waliokwenda njia zinazopingana.

Wa kwanza ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi cha kisiasa, akatoka mwaka 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatolewa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Aliyatunga kwa Kimvita, lahaja ya kwao. Fikiri juu ya hilo kama mtunzi, achana kidogo na siasa: mtu aliyenyang'anywa jua, watu na karatasi alibakiwa na jinsi watu wa mtaani kwao wanavyotamka maneno, na katika matamshi hayo akapata mahali pa kusimamisha vina. Lahaja ilikuwa ndani yake, na ndani hakukuwa na askari. Hapo ndipo ninapoona mwetu kwa uwazi kuliko mahali popote katika fasihi yetu.

Wa pili ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, lugha yake ya kwanza ikiwa Kikerewe. Kiswahili alikisoma kama wewe na mimi. Badala ya kuyalilia maneno ya kisiwani, alikibeba kisiwa akakiingiza katika Kiswahili, na riwaya yake ya Rosa Mistika ya mwaka 1971 imewafanya watu ambao hawajawahi kuvuka Ziwa Viktoria wakijue kijiji cha Ukerewe mpaka harufu ya pombe ya baba. Kuna waandishi wa pwani waliozaliwa ndani ya Kiswahili na hawakukikalia kwa raha namna ile. Mimi namwona yeye kuwa ushahidi mkubwa kwamba lugha ya kujifunza huweza kuwa makazi, mradi uiingie na mizigo yako yote na usiache kitu mlangoni.

Abdulrazak Gurnah nitampitia haraka, kwa kuwa yeye anaandika kwa Kiingereza na hali yake si yako. Aliondoka Zanzibar akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960. Riwaya yake ya Paradise ikatoka mwaka 1994, lakini tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, ilichapishwa mwaka 2022 tu, baada ya Nobeli. Kitabu kinachohusu pwani ya Waswahili kilichukua miaka 28 kufika lugha ya pwani. Wanafunzi wangu wakiniambia wanataka kuandika Kiingereza ili wafike mbali, siwazuii. Nawaambia tu wahesabu pia safari ya kurudi.

Aliye karibu nawe zaidi, nadhani, ni Okot p'Bitek wa Gulu. Riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, ya mwaka 1953, aliiandika kwa Kiacholi, na wimbo wake wa Lawino ulitungwa kwa Kiacholi ingawa Kiingereza ndicho kilichotangulia kuchapishwa, mwaka 1966. Mhimili wa wimbo huo ni msemo wa Waacholi kwamba boga la mahameni haling'olewi. Sisi tunalo neno hilo, mahame, mji uliohamwa, na sijui kwa nini tumeliacha lilale kwenye kamusi wakati nusu ya watu wa Maziwa Makuu wameacha mahame nyuma yao. Familia ikihama, boga hubaki likitambaa juu ya vifusi na kuzaa bila mkulima, na mpita njia mwenye njaa hulikuta. Okot mwenyewe aliishi nje ya Uganda miaka mingi wakati wa Amin, akafundisha Nairobi, akarudi, akafariki mwaka 1982. Hakuna mahali ninapomsikia akidai kwamba boga ni nyumba. Boga linasema tu kwamba hapa palikuwa na watu, na kwamba walichokipanda bado kinalika.

Sasa kazi yenyewe, maana mwetu haupati kwa kusoma. Unaupata kwa kuandika, tena kwa kuandika vitu vidogo kwa usahihi unaochosha.

Chukua chungu cha jioni. Mama yako husema bugali. Jirani yenu wa Isingiro na wenye hoteli wa Kampala husema posho. Vitabu vyako vya kiada husema ugali. Unga ni uleule, mwiko ni uleule. Mwandishi anayeandika "ugali" katika kinywa cha mama yako amemhamisha mama yake kwa mara ya pili. Anayeandika "bugali", kisha kwenye ukurasa unaofuata akamwonesha mtoto akiagiza "posho" shuleni na kurudi nyumbani akibadili neno kabla ya kufika mlangoni, amenieleza ukimbizi mzima bila kulitaja neno ukimbizi. Vivyo hivyo sombe. Usiligeuze kuwa kisamvu eti kwa sababu kamusi inakitambua zaidi. Ndipo jibu langu la lugha lilipo: simulia kwa Kiswahili sanifu ukijisikia huru ndani yake, lakini vinywa vya watu waachie wenyewe, na usiweke tafsiri pembeni. Msomaji si mjinga. Atakula.

Na ninakutahadharisha juu ya jambo moja, kwa ukali kidogo. Kwa kuwa unaandika vizuri na unatoka Nakivale, watakuja watu, wengi wao wema, watakaokuomba "hadithi ya mkimbizi". Hadithi hiyo ina umbo lake tayari: risasi, usiku, kivuko, hema, msaada, shukrani. Unaweza kuiandika mara moja ukapata nauli, sikulaumu. Lakini fahamu kwamba ni nyumba ya kupanga iliyojengwa na mtu mwingine, na ukikaa humo muda mrefu utaanza kukumbuka maisha yako kwa mpangilio wake. Mwetu umo katika yale wasiyoyauliza: nani alikuwa akinyoa watoto, turubai ilitoa sauti gani mvua ikianza, mama aligombana na nani juu ya zamu ya bomba la maji, na walipatana vipi.

Zoezi ninalokupa ni hili. Usiandike juu ya Fizi, ni pana mno. Hiyo ni ku-. Andika juu ya mlango mmoja, wa nyumba mliyoiacha au ya kwanza mliyoijenga Nakivale, kurasa mbili. Ulikuwa wa mbao, wa bati, wa gunia? Ulifungwaje usiku? Nani alikuwa na desturi ya kusimama hapo bila kuingia? Wewe uliondoka ukiwa na miaka mitano, kwa hiyo mengi hutayakumbuka, na hapo ndipo zoezi linapoanza kufanya kazi: itakubidi umpigie mama simu. Mwombe akutajie majirani kwa mpangilio, kutoka kwenu kuelekea ziwani. Atajibu kwanza kwamba amesahau. Ngoja. Akianza kutaja, andika majina kama anavyoyatamka, na usimkatize kwa kusahihisha.

Umeuliza kama unajidanganya. Swali hilo ni la haki, kwa sababu kitabu huweza kuwa pango, na nimeona wanafunzi walioingia humo wakati wa uchungu wakakosa kutoka hata walipoitwa kula. Mimi natumia kipimo kimoja tu. Ukifunga kitabu au daftari, je, unatamani kumpigia mtu simu, kumuuliza jambo, kumsomea kipande? Basi uko mahali pazuri. Lakini ukiwa unafungua kingine upesi ili usisikie sauti za wenzako koridoni, kiweke chini kwa wiki moja, ukae na watu, hata wale wanaokuita Mkongomani. Wengine wao hawajui jina lingine la kukuita kwa sababu hujawaambia.

Kwa hilo usisome peke yako. Kampala kuna FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa mwaka 1995, chenye makao Kamwokya, na watu hukutana pale kusomeana kazi zao na kuzichambua bila kuoneana haya. Kiingereza ndicho kinachotawala, nakuonya mapema, na utakaposoma kipande cha Kiswahili huenda chumba kikanyamaza kidogo. Soma hivyohivyo. Na katika darasa lenu, kama idadi ya wanaotoka Kivu, Ituri na Kasese ni kubwa kama ilivyo katika madarasa yangu, tafuta watatu mkutane baada ya vipindi. Mtashangaa ni wangapi kati yenu walioficha "mu nyumba" yao tangu shule ya msingi. Mimi nilivalishwa kibao shingoni kwa kusema Lhukonzo katika shule moja ambayo haina haja ya kutajwa, na nilikuwa na miaka 40 nilipoandika sentensi ya kwanza katika lugha hiyo. Usingoje kiasi hicho.

Ukishamaliza kuandika ule mlango, msomee mama yako kwanza, kwa simu kama huna nauli ya kwenda Isingiro. Akikukatiza kusema kwamba bawaba zilikuwa upande wa kushoto na si wa kulia, rekebisha. Halafu uniletee. Nitasahihisha nukta na mkato. Mu- yako nitaiacha ilipo.